Sikukuu ina bei mbili

Kariakoo, Dar es Salaam, kuna mtaa unaitwa Sikukuu, na ukipita pale jioni ya Desemba 24 huulizi kwa nini. Mwaka jana siku hiyo mimi nilikuwa mtaa wa jirani, Kongo, nimebanwa kati ya mkokoteni wa maji ya chupa na meza ya magauni ya watoto. Mbele yangu kuna mama, mtandio umemteleza kwa kusukumwa, ameshika gauni la pinki lenye wavu tabaka tabaka na ua kubwa kiunoni. Kijana anataka elfu ishirini na tano. Mama ana elfu kumi na nane, amezikunja kiganjani, na kila aliyekuwa karibu alishaziona.

"Mama, hili ungekuja Novemba ningekupa kwa kumi na tano na soksi juu," kijana akamwambia, wala si kwa ubaya.

"Novemba ningezitoa wapi?"

Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko mahubiri yote ya Januari niliyowahi kusikia. Maana kila Januari tunahubiriwa. Redioni anakaribishwa mtaalamu wa nidhamu ya fedha, kwenye makundi ya WhatsApp zinarushwa picha za mtu aliyekula kuku Krismasi na sasa anatafuna mua, na Wakenya wameubatiza mwezi wenyewe Njaanuari wakaucheka kabla haujawacheka. Utani sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wazo lililo chini yake, kwamba mtu wa kipato kidogo huumia Januari kwa sababu Desemba alijisahau.

Mimi naona hivi. Mwenye nacho na asiye nacho wananunua sikukuu ileile: wali, nyama, nguo mpya ya mtoto, nauli ya kwenda kwao. Ila hawainunui kwa bei moja. Na kinachowatofautishia bei ni siku ambayo pesa inaingia mkononi, kuliko hata wingi wake.

Tuufuate mzigo. Nguo za watoto za Desemba huagizwa China miezi kadhaa kabla, wengi wakizifuata Guangzhou na Yiwu. Oktoba na Novemba ndipo Kariakoo inapouza kwa jumla: wanakuja wa mikoani, wanakuja Wazambia, Wakongomani, Wamalawi na Wakomoro, wanafunga marobota na kuondoka. Msimu huo hata mnunuzi wa kawaida, akichukua vipande sita, anapewa bei ya jumla. Watu wa ofisini wanajua. Watatu wanachanga, wanachukua dazeni, wanagawana saizi juu ya meza ya kazi. Kufika Desemba 20 jumla imekwisha. Nguo imetoka stoo ikaingia kwenye fremu, ikatoka kwenye fremu ikaja mezani, ikatoka mezani ikapanda begani kwa machinga, na kila mkono ilikopita umeacha kitu juu ya bei. Anayenunua usiku wa tarehe 24 analipia mikono yote hiyo, tena kwa masalia. Mtoto wa miaka 6 anapewa gauni la miaka 8, "si atakua".

Wapo wanaobahatisha. Wanasubiri mpaka saa nne usiku kijana achoke na aanze kuita "malizia, malizia". Nimeiona bahati hiyo ikitokea. Lakini ni kamari, na mtu aliyepanda daladala mbili kutoka Chanika haichezi mpaka saa nne.

Hata punguzo lina tarehe yake. Black Friday huangukia mwishoni mwa Novemba, siku inayofuata sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, ambayo sisi hatuna. Tumechukua punguzo tukaacha sikukuu yenyewe, sawa. Lakini punguzo hilo linamfaa mwenye akiba mwezi Novemba, na kwa kawaida linampata kwenye simu kabla halijafika dukani.

Ukitoka kwenye nguo ukaingia jikoni, mambo ni yaleyale. Mtaani kwetu mafuta ya kula yanauzwa kwa kikopo, cha jero (mia tano) na cha buku (elfu moja). Kusanya vikopo vya jero mpaka vijaze lita, utakuta umeipita bei ya lita, na umeiacha mbali kabisa ile ya anayebeba dumu la lita 20. Hakuna mama wa mtaani asiyeijua hesabu hii. Anayenunua cha jero hajashindwa kuzidisha. Mfuko wake wa leo una jero, kwa kuwa anaishi kwa pesa ya leo: bodaboda anayempelekea bosi hesabu kila jioni, mama lishe anayenunua unga wa kesho kwa mauzo ya leo, kibarua wa zege anayelipwa zege likimiminwa.

Linganisha na mtumishi wa serikali wa ngazi ya chini kabisa. Julai 2025 kima cha chini chake kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Bado ni pesa ndogo kwa mtu mwenye familia Dar es Salaam. Lakini ina tarehe. Ukijua tarehe unaweza kumwambia muuza mchele wa Kyela akuwekee gunia, unaweza kukata tiketi mapema, na duka linakukopesha bila kukukunjia uso.

Kuhusu duka la kukopa, hapa lazima nimwongelee Mangi. Kwa msomaji asiye wa Dar, Mangi ni mwenye duka la mtaa. Asili ya jina ni watawala wa Kichaga, na lilishika kwa sababu wenye maduka hayo wengi ni watu wa Kilimanjaro, ingawa siku hizi hata Mangi Mkinga, mtu wa Makete, yupo. Mangi ndiye benki ya mtaa. Ana daftari la kaunta, kona zimejikunja, kurasa zina alama za vidole vya mafuta. Ndani yake kuna majina kama Mama Shamimu, Fundi, Jirani wa Juu, na mbele ya kila jina ni sukari nusu, sabuni kipande, mkate. Hana riba. Dhamana yake ni kwamba kesho utapita mbele ya duka hilohilo, kwa kuwa njia nyingine ya kwenda kituoni hakuna.

Sasa, Desemba Mangi anakwenda kwao. Utani wa nchi nzima unasema Wachaga wanakwenda kuhesabiwa, na asiyekwenda hayumo kwenye hesabu. Kwa hiyo kuanzia tarehe 10 hivi daftari linageuka: halikopeshi tena, linadai. Mangi naye ana mahitaji yake, ng'ombe wa kuchangia na ndugu, mbege, mabati ya nyumba ya mama kule Rombo, na nauli ya watu watano. Tarehe 20 anabandika karatasi mlangoni, "Tumefunga, tutaonana Januari 5," anashusha shata. Kwa hiyo wiki ambayo mtaa mzima unahitaji mkopo usio na riba ndiyo wiki ambayo mkopo huo umepanda basi kwenda Moshi. Siijui benki yenye ratiba mbaya kuliko hiyo, na bado Mangi hana kosa.

Asiyekuwa na daftari anaangukia kwa kausha damu. Jina hilo halikutungwa na wakopeshaji. Mkopo wa mtaani wa kawaida ni huu: chukua laki moja, rudisha laki na thelathini ndani ya mwezi, mara nyingi kidogokidogo kila siku au kila wiki, na dhamana ni televisheni, friji, au kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Kanuni za huduma ndogo za fedha zinaweka ukomo wa riba kwenye asilimia 3.5 kwa mwezi. Kati ya 3.5 na 30 ndipo sikukuu za watu wengi zinapoliwa. Mikopo ya kwenye simu nayo ikaja na fedheha ya aina yake, ya kuwatumia wakwe na wachungaji ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Orodha ilisaidia, lakini haja iliyowapeleka watu huko haikufungiwa pamoja na programu.

Turudi kwenye gauni la pinki. Novemba lilikuwa 15,000. Desemba 24 ni 25,000. Likinunuliwa kwa pesa ya kausha damu inayorudishwa na asilimia 30, linafika 32,500, zaidi ya mara mbili ya bei ya aliyewahi. Wavu uleule, ua lilelile. Halafu Januari huyu aliyelipa 32,500 ndiye anayeelezwa redioni kuwa hana nidhamu.

Najua jibu linalokuja: asinunue basi. Nguo ya zamani ikifuliwa na kupigwa pasi haina tatizo. Anayesema hivyo ama hajawahi kuwa mtoto uswahilini, ama amesahau. Siku ya Krismasi au Idi watoto hawakai ndani. Wanapita nyumba kwa nyumba kudai sikukuu yao, wanakwenda uwanjani kwenye bembea na askrimu, na kote huko wanakaguliwa na wenzao kuanzia kisigino. Mzazi anayekopa kwa ajili ya gauni ananunua haki ya mtoto kutoka nje siku hiyo, na mtoto akibaki dirishani siku kama ile, ataikumbuka mpaka awe na wajukuu.

Mama yangu huwa anasimulia sikukuu za mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, enzi za foleni na maduka ya kaya. Kitambaa kilikuwa cha kubahatisha. Baba akipata jora, nyumba nzima inashonewa humohumo: wasichana magauni, wavulana mashati, kinachobaki kinakuwa pazia. Mtaa mzima ungeweza kujua watoto wa nyumba gani wanapita kwa maua ya kitambaa tu. Sizililii enzi hizo. Ule ulikuwa usawa wa kukosa, na waliokuwa na ndugu mwenye cheo hawakukosa sana. Ruksa ya Mzee Mwinyi, rais wa pili, yaani uhuru wa kufanya biashara, ilipoingia baada ya 1985, mitumba na bidhaa za nje zikajaa, na watu walipumua kwa haki kabisa. Ila mpaka hapo sikukuu ilikuwa inatafutwa kwa kujuana na kwa foleni. Baada ya hapo ikaanza kutafutwa kwa pesa, na pesa ikaja na tarehe zake.

Kuna upande mwingine wa Desemba ambao hauzungumzwi sana kwa sababu unatuhusu sisi tunaoandika makala. Ofisini, mwisho wa mwaka, zawadi hupanda mlima. Msambazaji anampelekea meneja kapu lenye mvinyo, korosho na mafuta ya zeituni. Kampuni inampelekea mteja mkubwa shajara yenye jalada la ngozi. Kalenda za ukutani zinafika kwa mtu mwenye kuta nyingi. Novemba 2015 serikali mpya ya Rais Magufuli ilipiga marufuku taasisi za umma kuchapisha kadi za Krismasi na mwaka mpya kwa fedha za serikali, na watu walicheka kwamba ni jambo dogo. Sikuliona dogo, kwa sababu kadi hizo zilikuwa zinatoka mezani kwa mkubwa mmoja kwenda mezani kwa mkubwa mwingine, na aliyekuwa akizilipia hakuwahi kuandikiwa hata moja.

Nyumbani kwa huyohuyo aliyepokea kapu kuna dada wa kazi. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Gauni la pinki na nauli ya kwenda kumpelekea mwanawe mkoani vingemaliza hiyo yote. Mara nyingi Desemba ndiyo mwezi anaohitajika zaidi, kwa kuwa wageni wanakuja, hivyo sikukuu yake ni kupika sikukuu ya wengine. Anapewa doti ya kanga na ruhusa ya siku mbili baada ya mwaka mpya. Naandika haya nikijua nyumba yangu haimo kwenye orodha ya malaika.

Mwaka 1993 mchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, aliwauliza wanafunzi wake zawadi walizopewa Krismasi wanazithamini kiasi gani, akapiga hesabu kwamba kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya thamani hupotea kwa kumnunulia mtu kitu ambacho asingejinunulia. Kwa kapu la ofisini namwelewa. Kwa kilo 2 za sukari alizopelekewa bibi kijijini, hakuna kinachopotea hata punje.

Kinachonivutia ni kwamba watu wetu wameijua siku nyingi shida ya tarehe, wakaitengenezea dawa. Chukua zakatul-fitri. Kila Mwislamu mwenye uwezo anatoa pishi ya chakula kwa kila kichwa cha nyumbani kwake, na sharti lake ni kwamba kimfikie mhitaji kabla ya swala ya Idi. Ukichelewesha mpaka baada ya swala, inahesabiwa sadaka ya kawaida tu. Waliozoea kuiona kama ibada peke yake wakiangalia vizuri wataona pia ufundi wa uchumi: mchele unafika asubuhi ambayo maskini angelazimika kuununua kwa bei ya juu kuliko siku zote. Nao mwezi unaandama bila kujali mishahara. Mwaka 2024 Idi el-Fitri iliangukia Aprili 10, mishahara ya Machi imeshakauka. Mwaka 2025 iliangukia Machi 31, watu wana pesa bado mbichi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, hizo ni Idi mbili tofauti kabisa.

Chukua na mchezo wa sikukuu. Kinamama 20 wa mtaa wanaanza Februari, kila mmoja elfu moja kwa siku, na mweka hazina ni yule ambaye mumewe wanamwogopa wote. Hawagusi. Mwezi wa kumi na moja wajumbe wanatumwa: mchele unachukuliwa kwa magunia, mafuta kwa madumu, sukari kwa mfuko wa kilo 50, kuku wanawekewa oda kwa mfugaji. Wanakutana uani, mizani inatundikwa kwenye mwembe, kila jina linaitwa. Nimeshuhudia ugawaji mmoja na kelele zake zilikuwa kama za harusi. Mtu wa elfu moja kwa siku, ambaye mwaka mzima alinunua mafuta ya jero, siku hiyo amenunua kwa bei ya mwenye gari. Amejipa tarehe. Mchezo wa namna hii unaweza kuvunjwa na msiba au ugonjwa katikati ya mwaka, na ndiyo sababu wenye maisha magumu zaidi huwa hawamo.

Kuna wanaotaka tupunguze manunuzi kabisa, eti tumeiga uchu wa Wazungu. Hao nawaomba wakae nusu saa na kijana wa pale Kongo. Wiki mbili hizi ndizo zinazomlipia kodi ya chumba cha miezi inayofuata. Yeye pia amechukua mzigo kwa mali kauli, ana deni dukani, na gauni lisipouzika tarehe 24 linalala naye mpaka Pasaka. Kwa hiyo yule mama na yule kijana walikuwa wanabishana juu ya elfu saba ambayo hakuna kati yao aliyekuwa nayo. Mwishoni waliafikiana kwa elfu ishirini. Elfu mbili iliyopungua mama aliitoa kwenye nauli, nikamwona anavuka barabara ya Msimbazi kwa miguu, mfuko mweusi kifuani.

Januari 3 nilipita tena. Meza ileile, kijana yuleyule. Magauni ya wavu yameshuka, zimepanda sweta za kijani na za bluu, sketi za shule, mabegi yenye katuni. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa zamani, na ya sekondari mpaka kidato cha nne 2016, lakini sare hakuna aliyeiondoa, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Kijana alinikumbuka, maana sweta mbili za wanangu nilizichukua kwake Desemba 6, elfu nane nane.

"Anti, wewe uliwahi," akasema akicheka.

Pembeni yangu mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni akauliza sweta namba 28 ni bei gani. Akaambiwa kumi na mbili.